Maman Eko, Mpimaji wa Chini ya Ngozi

Mkono wangu wa kulia haupandi juu ya bega. Unafika hapo unagoma, na nikiulazimisha, kovu la kwapani linavuta mpaka machozi yananitoka. Mtu aliyechangia kuusimamisha hapo ni mwanamke ambaye, ukiniuliza leo ninamwamini nani katika mji huu wa Bukavu, nitamtaja kabla ya padri na kabla ya shemeji zangu wote. Najua haieleweki upesi. Nimeieleza kwa mdomo mara nyingi hadi nimechoka, basi acha niiandike.

Alikuwa mpimaji wa ekografi, yaani picha za ndani ya mwili, katika kliniki moja ndogo ya Muhumba. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa matumbo ya wajawazito, na watu walimwita Maman Eko. Jina lake la ubatizo nalijua, ila hakupenda litumike nje ya kanisa, nami sitalitumia. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu kuliko wa fundi seremala. Akikusalimia, vidole vyako vinabaki vinauma kidogo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari. Tangu ujana nina ugonjwa wa majipu ya kwapani usiopona. Sisemi majipu ya kukamuliwa yakakauka. Haya yanarudi palepale, yanachimba njia chini ya ngozi, njia zinakutana, na mwisho kwapa zima linavuja. Linanuka pia. Miaka kumi na tano nilifundisha nimevaa koti jeusi, hata siku za jua, na wanafunzi walidhani ni mapozi ya prof. Hapakuwa na pozi lolote. Nilikuwa naficha madoa.

Daktari wetu wa ngozi ndiye aliyenipeleka kwa Maman Eko. Alikuwa amerudi kutoka mafunzoni na jambo jipya: kwamba kwa magonjwa ya ngozi yanayodumu, macho peke yake hayatoshi. Juu ngozi inaweza kutulia na chini moto unawaka. Mashine ya ekografi inaona chini, na ina uwezo wa kuonyesha damu inavyokimbia, kwa rangi, nyekundu na bluu. Rangi ikiwa nyingi, ugonjwa uko macho, dawa iendelee. Rangi ikikosekana, ugonjwa umelala, mgonjwa aachishwe dawa. Mashine iliyokuwepo ni ile ya wajawazito. Ikapatikana sonde ndogo, yaani kile kidude cha kushikwa mkononi kinachopitishwa mwilini, ya kuangalia vitu vya karibu na ngozi. Kazi mpya ikawekwa mikononi mwa mama wa kazi ya zamani.

Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa kitenge cha kijani ili ekrani, kioo cha mashine, ionekane vizuri. Mashine nayo ilikuwa na kitenge chake cha kufunikwa jioni. Aliiita "bwana." "Bwana leo amekasirika," angesema ikikawia kuwaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakupiga kelele wala hakulaani mtu. Alikaa tu juu ya kiti chake, akakunja mikono, akafumba macho. Siku moja nililala pale karibu saa mbili, mkono umewekwa nyuma ya kichwa, kwapa wazi, mimi na yeye gizani. Nilipojaribu kushusha mkono akaniambia macho yakiwa bado yamefungwa:

"Bakia vile, prof. Bwana atarudia. Akirudia akukute tayari."

Alipenda kusema ngozi ina ghorofa. "Docta anaangaliaka etaji ya juu. Miye nashukaka mu kave," alisema, kave kwa maana ya chumba cha chini kabisa. Alisema hivyo kwa kila mgonjwa mpya, na kila mara alicheka mwenyewe, peke yake, kana kwamba ndiyo kwanza limemjia.

Alikuwa mtu wa kanisa sana. Jumapili misa ya kwanza, Jumatano rozari, na alibeba chupa ya maji ya baraka katika mkoba pamoja na kalamu zake. Lakini ndani ya chumba chake hakuruhusu mtu kuomba. Nilimshuhudia akimkatiza mama mzima aliyekuja na binti yake mwenye mabaka makavu viwikoni, mama akaanza Baba Yetu kwa sauti.

"Maman, unyamaze kwanza. Unatetemesha mutoto, na picha inatetemeka. Mungu anasikiaka hata watu ya kimya."

Aliwachukia waume waliokuja kuuliza kama mtoto ni wa kiume. Aliwajibu: "Utamuuliza yeye mwenyewe siku atatoka." Ila mke akibaki nyuma peke yake, akiuliza kwa haya, alimnong'oneza. Najua kwa sababu alimnong'oneza mke wangu. Na huyu mwanamke aliyewakemea wagonjwa kwa kuogopa sindano, yeye mwenyewe hakuwahi kukubali kuchomwa. Malaria ikimshika alikunywa vidonge na kutapika siku tatu, na ukimwambia kuhusu sindano alikutazama kana kwamba umemtukana.

Tabu kubwa ya kwenda kwake ilikuwa jina lake. Mtaa mzima ulijua mwanamke anayetoka kwa Maman Eko ametoka kuangalia nini. Jirani yangu mmoja, bibi mwenye wajukuu na vidonda vya miaka miguuni, alionekana akishuka ngazi za kliniki ile, na wiki nzima kisimani hapakuwa na habari nyingine. Mimi walimu wenzangu waliniona naingia pale mara mbili, wakampongeza mke wangu. Alikuwa na kazi ya kukanusha mimba isiyokuwepo, nami sikuwa na ujasiri wa kusema kilichonipeleka.

Sasa nifike kwenye mkono.

Mara ya kwanza kunipima, alinilaza, akadondosha gel kidogo sana kwapani, kwa sababu gel ilikuwa ya kubahatisha, akashika sonde na kukandamiza. Alikandamiza hasa. Niliuma meno. Kwenye ekrani nikaona weusi, ukijivu, michirizi, na hakuna rangi hata nukta moja. Akatazama muda mrefu, akageuza sonde, akakandamiza tena. Akaniandikia karatasi: hakuna dalili ya ugonjwa kuwa macho. Daktari akaisoma, akafurahi, nami nikafurahi kumpita. Akanisimamishia dawa. Nilirudi nyumbani Kadutu kwa miguu, mlima wote, nikiliambia kila jiwe kwamba nimepona.

Miezi minane ilipita. Ngozi ya juu ilibaki imetulia, na maumivu yalipoanza kidogo kidogo nilijiambia ni kovu za zamani. Nilikuwa na karatasi. Mtu mwenye karatasi haendi kujitafutia ugonjwa.

Katika miezi hiyo yeye aliumia kifundo cha mkono. Ana shamba Nyantende, nje ya mji, na Jumamosi moja jembe lilimteleza kwenye jiwe, kifundo kikavimba. Jumatatu akaja kazini hivyohivyo, kitambaa kimefungwa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye ugonjwa kama wangu, ambaye yeye alikuwa amemwandikia mara mbili kwamba umelala. Siku hiyo hakuweza kukandamiza. Aliweka gel nyingi ili sonde iteleze bila nguvu, akaiegesha tu juu ya ngozi. Ekrani ikajaa nyekundu.

Haya alinieleza mwenyewe, nyumbani kwangu, Jumamosi nyingine, mvua ikinyesha. Alikuwa amepanda Kadutu kwa miguu na sandali za plastiki zilizojaa tope. Majirani walipomwona anauliza mlango wangu walianza kupiga vigelegele, maana Maman Eko hafuati mtu nyumbani bila habari njema. Mke wangu akamwekea kiti. Hakukaa.

"Prof, nimekuya kukuambia kitu mubaya," alisema. "Ile karatasi nilikuandikia ni ya bongo, ni uongo. Ugonjwa haikukudanganya. Ni miye. Ni hii mukono."

Akaunyoosha mkono ule, kifundo bado kimefungwa.

"Tumbo ya maman mwenye mimba, lazima ufinye ndiyo uone mutoto. Nimefinya miaka makumi tatu. Mu kwapa yako nikafinya vilevile. Kumbe mu ngozi, ukifinya, unafukuza damu. Damu ikienda, rangi nayo inaenda. Mukono yangu ndiyo ilizima ile moto ku ekrani, si mu mwili yako. Miye nikaandika kama inalala."

Nilikasirika. Sitaki kujifanya mtakatifu kwa kuwa yamepita. Nilimwambia kwamba amekaa miaka thelathini anatazama televisheni na kujiita mpimaji. Nilimwambia atoke. Nilisema na mengine ambayo mke wangu hadi leo hapendi niyakumbushe. Alisimama akasikiliza yote, maji ya mvua yakimtiririka kwenye kitambaa cha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Kesho ni siku ya Mungu. Siku ya kwanza, Jumatatu, utakuya saa ngapi?"

Nilijua baadaye kwamba mimi sikuwa wa kwanza kufuatwa, wala wa mwisho. Alikuwa amefungua daftari lake, akawatoa wote wenye magonjwa ya ngozi aliowaandikia kwamba hakuna rangi, akawatafuta mmoja mmoja. Aliteremka hadi Luvungi kwa lori la mihogo kumtafuta mwanamke mmoja tu. Mkuu wa kliniki alimkataza. Alimwambia atailetea kliniki aibu, kwamba awaite wagonjwa kimya kimya kwa kipimo cha kawaida, wasijue. Maman Eko alimjibu kwamba mgonjwa aliyeambiwa amepona hasikii mwito wa kawaida. Kisha akaendelea kutembea.

Jumatatu nilikwenda. Alipakaza safu nene ya gel kwapani, akaegesha sonde juu yake bila kunigusa, naweza kuapa, bila kunigusa kabisa. Niliona nyekundu ikichemka kila mahali. Njia tatu chini ya ngozi, ndefu, zimeungana kuelekea kifuani. Alizihesabu kwa sauti ndogo. Nilimwangalia yeye badala ya ekrani, na machozi yalikuwa yanamteremka bila mkono kutikisika.

Daktari wa upasuaji alilazimika kukata eneo kubwa, akabandika ngozi ya paja. Kidonda kilipona baada ya miezi mingi, kovu likajikunja, na mkono ukasimama pale unaposimama. Kama dawa isingekatishwa, huenda njia ingebaki moja. Huenda. Daktari mwenyewe haapi, na mimi nimeacha kumuuliza.

Nilijifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa kwanza mto Ruzizi wangu ulipanda mlima, wanafunzi wakacheka mpaka mkuu wa masomo akaja. Baadaye walizoea. Kwa prof, mkono unaofika juu ya ubao ndio chakula cha nyumba, na mimi nilikuwa nimebakiwa na mmoja.

Kwa nini nilirudi kwake miaka sita mfululizo, kila baada ya miezi mitatu? Shemeji zangu waliuliza hivyo, kwa maneno makali zaidi. Niliwajibu kwamba katika maisha yangu nimetendewa makosa na watu wengi wenye ofisi, na ni mmoja tu aliyepanda Kadutu kwenye mvua kuniambia. Hawakuridhika. Na mimi siku nyingine sikuridhika. Zilikuwepo asubuhi niliposhindwa kufikia rafu, nikamchukia kwa dakika tano nzima, kisha nikaenda kupimwa naye.

Alibadilika kazini. Gel ya dukani haikutosha safu nene, basi akawa anapika yake: unga wa mihogo wa shambani, maji na chumvi, inachemshwa mpaka inakuwa uji mzito unaong'aa, inachujwa, inapoa. Chumba kilianza kunuka jikoni. Ikikauka inakaza nywele, na nilirudi nyumbani mara nyingi kwapa limeganda, mke wangu akiuliza kama nimeoga bugali. Pia aliacha kuwa na haraka. Zamani aliandika karatasi mgonjwa akiwa bado anavaa. Sasa alipima mara tatu, akatoka nje, akanywa maji, akarudi kupima ya nne. Foleni ilinung'unika. Alikuwa anachoka, unaona, uso ulilegea, lakini ya nne aliifanya.

Kisha vita vilifika, na mji ulipata yale uliyoyapata. Daktari wa ngozi alivuka mpaka na familia yake, hajarudi, na simlaumu. Dawa zikawa zinakuja zikipenda. Kliniki ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa nusu. Maman Eko alistaafu bila sherehe, akahamia Nyantende kwenye mihogo yake, na chumba chake kikabaki na mashine tu, bila mtu wa kuishika kwa ajili ya ngozi. Sisi wagonjwa wa rangi nyekundu tulitawanyika, kila mtu na kwapa lake.

Mwaka huu, majuma kama sita kabla ya mitihani ya serikali, nilisikia uvimbe kwapani kushoto.

Nilikaa nao siku tisa bila kumwambia mke wangu. Ya kumi nilikwenda kwa daktari wa upasuaji, yule yule, ambaye bado yupo na ambaye naye amekonda. Aliubonyeza, akapumua.

"Prof, kwa macho siwezi kukuambia," alisema. "Ikiwa inalala, tunangojea. Ikiwa iko macho na njia ingali fupi, nikate sasa, kidogo tu, na mukono inabakia. Tukichelewa itakuwa kama ya kulia. Nani atakupima?"

Wote wawili tulijua nani. Siku iliyofuata nilipanda pikipiki hadi Nyantende. Nilimkuta shambani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichagua mbegu. Miguu ilikuwa imevimba. Alinitambua kwa sauti kabla hajaniona vizuri.

"Jambo, prof. Ni ya wapi?"

"Ya kushoto, maman."

Aliweka mbegu chini. Alisema macho yake hayako sawa, mkono umezeeka, na mashine haijaguswa na mtu wa ngozi tangu yeye aondoke. Alisema pia kwamba hajisikii kushuka mjini, na nilimwona kweli, hakuwa na nguvu hata ya kubishana. Kisha akamwambia mkwewe aweke sufuria motoni kwa ajili ya gel.

Tulikutana Muhumba kesho yake asubuhi. Umeme ulikuja saa nne. Alivuta kiti karibu sana na ekrani, pua karibu iguse kioo, akavaa miwani juu ya miwani. Nikatoa shati, nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya kichwa. Aliegesha sonde. Sikuweza kuangalia, nikatazama kitenge cha dirishani. Alipima mara tatu. Akatoka nje, akanywa maji, akarudi, akapima ya nne.

Wakati huo nilikuwa nimeshafanya hesabu zangu kichwani. Darasa la sita, la mwisho sekondari, walikuwa na mwezi mmoja tu kabla ya mitihani. Nikikatwa sasa, nani atawachorea ramani? Shule hii haina prof mwingine wa jiografia, na prof asiyefundisha anabadilishwa upesi. Na nilikuwa nimechoka, hilo niseme waziwazi. Nimechoka na visu, na bandeji, na kulala upande mmoja. Nilitaka mtu mmoja tu katika mji huu anipe mwezi mmoja.

"Maman," nikamwambia, "sema imelala. Andika tu. Nitarudi baada ya egzame, nakuapia."

Alifuta sonde polepole, akaiweka mahali pake. Akavua miwani ya juu, halafu ya chini. Bila miwani uso wake ulikuwa wa bibi kabisa, na sikuwa nimeuona hivyo.

"Iko macho, mwana wani, mwanangu," akasema. "Njia ni moja, fupi, kama hii." Akanionyesha ncha ya kidole chake kidogo. "Miye nilikuambia siku moja kama inalala. Sitakuambia tena."

Nikalia. Mtu mzima, kifua wazi, uji wa mihogo ukinitiririka ubavuni. Aliniacha nimalize. Kisha akaandika karatasi, kwa herufi kubwa sana kwa sababu ya macho, akanifuta kwapa kwa kitambaa cha maji ya moto, na akanifunga vifungo vya shati kimoja kimoja, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vimekataa.

Nilikatwa Alhamisi. Kovu ni dogo, na mkono wa kushoto unapanda mpaka juu.